Karatasi Moja, Usiku Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Sanamaki Mombasa

Kisa hiki cha sanamaki, jani la kufungua tumbo, nakiandika kwa ruhusa ya familia iliyopatikana nacho. Majina, ukoo na tarehe nimeviondoa. Mgonjwa nitamwita Bibi, na aliyempikia dawa nitamwita Mjukuu. Mimi ni mfamasia, na Bibi huchukua tembe zake za presha katika duka la dawa ninakofanya kazi. Wanaoweza kufaidika nacho ni wauza dawa wenzangu, wauguzi, na kila mwenye nyumba iliyo na daftari la wazee kabatini.

Usuli

Bibi amepita miaka sabini. Ana presha ya muda mrefu, anatumia hidroklorothiazidi, tembe ambayo wagonjwa wetu huiita tembe ya maji kwa kuwa inakojoza. Figo zake nzuri, moyo wake haukuwa na historia ya ugonjwa. Anaishi Mji wa Kale na wanawe na wajukuu, nyumba ya ghorofa mbili ambayo haijawahi kutoka mikononi mwa ukoo wao.

Babu wa baba yake alikuwa muuza dawa. Si mganga wa kupunga wala si tabibu wa kuitwa majumbani. Alikuwa na duka, mizani na majamanda ya majani makavu. Kutoka kwake limebaki daftari la Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, wino mweusi, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, pembe zimeliwa na mende. Ukurasa wa kwanza una mwaka: 1304 Hijria, yaani kati ya 1886 na 1887 kwa hesabu ya Miladi. Mombasa wakati huo iko chini ya Sultani wa Unguja, reli haijaanza kujengwa, na jahazi za kaskazi ndizo zinazoleta dawa: sanamaki na ubani na manemane kutoka pande za Arabuni na Usomali, shubiri ya Sokotra, mvuje na viungo kupitia Bombay. Karafuu zilitoka hapo jirani, Unguja na Pemba.

Dawa zenyewe ni za maradhi ya kila siku: jino, tumbo, kikohozi, upele, kidonda, homa, mtoto asiyelala. Nyingi ya hizo nazifahamu, na baadhi bado zinauzwa soko la Marikiti leo, kwa jina lilelile na harufu ileile.

Sanamaki inastahili maneno yake ya pembeni. Jina ni sana makki, sana ya Makka. Karne ya kumi na tisa ilinunuliwa London na Bombay sawa na ilivyonunuliwa hapa, na wafamasia wa Uingereza waliiroweka kwenye maji ya moto pamoja na tangawizi, kwa sababu jani lenyewe husokota tumbo. Mpaka leo ninayo rafuni, imefanywa tembe. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba tatizo la kisa hiki lilikuwa dawa bandia au ushirikina. Dawa ilikuwa ya kweli, na ilifanya kazi yake.

Yaliyotokea

Ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Bibi alifunga mwezi mzima wa Ramadhani, alikuwa akinywa maji kidogo, na choo kikawa kigumu, siku nne hadi tano bila kwenda haja. Mjukuu ana miaka ishirini na kitu, amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni, herufi anazijua. Miezi ile alikuwa akipiga picha kurasa za daftari kwa simu na kuziandika upya kwa hati za Kirumi. Kazi nzuri, na alikuwa akiifanya kwa mapenzi. Alipomsikia nyanya yake analalamika, akafungua ukurasa wa tumbo kufunga.

Ukurasa huo nimeuona kwa macho yangu. Una mistari minne tu. Sanamaki wakia 8. Tangawizi wakia 1. Kisibiti nusu wakia. Chini kabisa, pembeni, kwa mkono uleule: karatasi 80.

Wakia ilikuwa uzani wa riali moja ya fedha, ile ya Maria Theresa, gramu 28 hivi. Mjukuu alilitafuta hilo na akalipata sawasawa. Wakia 8 ni kama gramu 225. Alinunua robo kilo ya sanamaki, akapunguza konzi moja, akachemsha yote kwenye sufuria kubwa. Tangawizi aliiacha kwa sababu Bibi ana kiungulia. Alipochuja alipata kama lita nne, akazitia kwenye chupa, akaziweka friji. Daftari halikusema anywe kiasi gani, basi akaona asizidishe: kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, kimoja jioni. Na ile karatasi 80 aliidhania namba ya ukurasa.

Siku ya 1, usiku, Bibi alisokotwa na tumbo, akaenda haja, akapata raha. Nyumba nzima ilishukuru. Siku ya 2 na ya 3 choo kilikuwa laini, kisha maji. Hapo ndipo pangekuwa mwisho. Lakini mtu wa familia akasema tumbo linatoa uchafu wa mwezi mzima, liachwe limalize, na neno hilo likakubalika. Nimelisikia neno hilo mara nyingi sana kwenye kaunta, na kila mara limeongeza siku.

Siku ya 6 miguu ilianza kumkaza usiku, hasa kwenye mashavu ya miguu. Siku ya 7 Mjukuu alikuja dukani.

"Dakta, nipe dawa ya kuchua. Nyanya misuli inamvuta."

Nikampa. Sikuuliza lolote zaidi ya bei.

Siku ya 8 Bibi alishindwa kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Siku ya 9, baada ya Alasiri, Mjukuu alirudi. Safari hii alisema Bibi anahisi moyo wake unaruka dharuba, kama mtu anayekosa kidato, kisha unarudi.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ni ule wa siku ya 7, na ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Nilimjua mgonjwa. Nilijua anakunywa tembe inayopoteza potasiamu kwenye mkojo. Mtu wa namna hiyo akikaza misuli, swali linajiuliza lenyewe. Duka lilikuwa na watu, jioni, nikaona ombi rahisi nikalijibu kirahisi.

Siku ya 9 niliuliza, na nilichagua namna ya kuuliza. Sikusema, "Amekula miti shamba?" Swali hilo kwa mdomo wa mtu wa hospitali linasikika kama mashtaka, na jibu lake huwa ni hapana. Nilimwambia, "Nyumbani mmemtengenezea nini cha kumsaidia tumbo, maana baada ya Ramadhani wengi linawafunga?" Akanieleza yote, kwa fahari, akanionyesha na picha ya ukurasa kwenye simu.

Nikaamua mambo matatu hapo hapo. La kwanza, sanamaki isimame, hata kikombe cha jioni ile kisinywewe. La pili, Bibi apelekwe hospitali jioni hiyo bila kungoja asubuhi, apimwe damu na apimwe moyo kwa ile mashine ya nyaya za kifuani. Udhaifu wa miguu pamoja na moyo unaoruka, kwa mtu anayeharisha na anayekunywa tembe ya maji, ni dalili kwamba potasiamu imeshuka, na ikishuka sana moyo unaweza kwenda mrama ghafla. Kulikuwa na pendekezo la kumpa madafu na ndizi nyumbani kwanza. Ni vyakula vyenye potasiamu kweli, lakini kwa hali ile huwezi kukisia kwa dafu, unahitaji kipimo.

La tatu, wachukue kila kitu: chupa iliyobaki, mfuko wa majani, paketi ya tembe na picha ya daftari. Mjukuu aliona haya kuingia hospitali na chupa ya majani. Nikamwambia daktari atakayeiona ile chupa atafupisha kazi ya saa mbili.

Tembe ya presha sikuigusa. Inayofuata ilikuwa ya asubuhi, na kufikia asubuhi angekuwa mbele ya mtu mwenye majibu ya damu.

Matokeo

Potasiamu ilikuwa 2.7, kawaida huwa kati ya 3.5 na 5. Kipimo cha moyo kilionyesha mabadiliko yanayolingana na upungufu huo. Bibi alilazwa siku mbili, akatiwa maji na potasiamu kwa mshipa, polepole, moyo ukiangaliwa. Alibadilishiwa tembe ya presha. Alirudi nyumbani anatembea, na wiki iliyofuata alipanda ngazi zake mwenyewe.

Kwa choo alipewa ushauri wa kawaida: maji ya kutosha, papai, mboga, kunde, na dawa ya kulainisha kwa siku chache tu ikihitajika. Hakukatazwa sanamaki maishani. Ameelezwa kipimo chake na mwisho wake.

Uchambuzi: jinsi madhara yalivyokuja

Viambato vya sanamaki, vinavyoitwa senosidi, havifanyi kitu mpaka vifike utumbo mpana, ambako vijidudu vinavyoishi humo huvivunja. Ndiyo maana mtu hunywa usiku akaona matokeo baada ya saa sita hadi kumi na mbili. Utumbo unasukuma, maji yanatoka, na pamoja na maji yanatoka madini. Ikiwa ni usiku mmoja, mwili unafidia. Ikiwa ni siku tisa, na huku figo zinamwaga potasiamu kwa tembe ya presha, mwili unavuja kwa milango miwili. Juu ya hayo, mwili wenyewe ulikuwa umetoka kwenye mfungo na upungufu wa maji. Kila jambo peke yake lingevumilika.

Sasa hesabu ya kipimo. Lita nne kwa kikombe cha kahawa cha mililita 80 hivi ni vikombe 50. Gramu 225 zikigawanywa kwa 50 ni gramu 4 na nusu kila kikombe, gramu 9 kwa siku. Wakia 8 zilezile zikigawanywa kwa zile karatasi 80, ambazo kama nitakavyoeleza hazikuwa namba ya ukurasa bali vikaratasi vya kufungia dawa, ni chini kidogo ya gramu 3 kila moja. Bibi alikuwa akinywa zaidi ya karatasi tatu kila siku kwa siku tisa.

Uchambuzi: karatasi 80

Jambo hili ndilo lililonifanya niandike.

Bibi alipopata nguvu tulikaa pamoja sebuleni: yeye, Mjukuu, mimi, na Maalim mmoja mzee aliyezoea hati za zamani. Maalim alieleza kwanza kwamba maandishi ya wakati ule hayatofautishi sauti zote za Kiswahili: p mara nyingi huandikwa kwa herufi be, yaani b, mb huandikwa b tupu, e na i hugawana alama moja, o na u vilevile. Msomaji wa zamani alikuwa anajua neno kabla ya kulisoma. Kisha akauangalia ukurasa ule kwa muda mrefu.

"Hiyo karatasi 80 si ukurasa," akasema. "Daftari zima halina karatasi hata arubaini. Huyu alikuwa akifunga dawa kwenye vikaratasi. Hii ni hesabu ya mali."

Basi daftari lilikuwa kumbukumbu ya mwenye duka kwa nafsi yake: nini kinunuliwe, nini kitwangwe pamoja, vifungwe vingapi. Mnunuzi hakuandikiwa chochote, kwa sababu mnunuzi alikuwa amesimama mbele yake. Kiasi cha kunywa, saa ya kunywa, nani asinywe, vilisemwa kwa mdomo wakati kikaratasi kinapita mkononi.

Bibi alikuwa kimya muda wote huo. Akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Karatasi moja, usiku mmoja. Asubuhi uji wa mchele, na siku ile huli kitu kigumu. Mja mzito haguswi nayo. Baba yangu alikuwa akisema hivyo, naye alimsikia babu yake dukani."

Mjukuu akamgeukia. "Nyanya, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesoma kitabuni, baba. Nikasema huenda kitabu kinajua zaidi."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijasikia maelezo ya kosa la kipimo yaliyonikaa moyoni kama hayo. Nusu ya dawa ilikuwa kwenye daftari, na nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa akinyweshwa ile nusu ya kwanza. Heshima kwa maandishi ilimziba mdomo.

Hali hii haikuwa ya Mombasa peke yake. Karne ileile, huko Uingereza, tembe za Beecham ziliuzwa kwa mamilioni ya watu, na ndani yake mlikuwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Shubiri na tangawizi ni bidhaa za duka la babu yetu kabisa. Tofauti ni kwamba tembe ile ilitoka kiwandani na kusafiri mbali na aliyeitengeneza, basi maagizo yalilazimika kuchapishwa na kufungwa pamoja nayo. Dawa ya duka la Mombasa haikusafiri mbali na mwenyewe, mpaka mwenyewe alipokufa.

Wala kuchapishwa hakukuwa usalama. Sirapu ya Mrs. Winslow, iliyoanza kuuzwa Marekani 1849 kwa watoto wanaoota meno, ilikuwa na mofini, na kwa miaka mingi mama aliyeinunua hakuambiwa. Sheria ya Marekani ya kulazimisha ionyeshwe kwenye chupa ilikuja 1906. Bombay watoto walipewa vidonge vidogo vya afyuni ili wapate usingizi. Daftari letu nalo lina ukurasa wa mtoto asiyelala, na neno afyuni limo, wazi kabisa.

Yaliyofaa na yaliyoharibika

Kilichofaa zaidi ni ile chupa kufika hospitali. Daktari wa zamu aliuliza maswali mawili tu akajua anatafuta nini. Lilifaa pia kwamba Mjukuu hakuficha, na sidhani angesema kama ningeanza kwa kebehi. Wagonjwa wetu wengi wanatumia dawa za majani pamoja na za hospitali, na wanajua vizuri nani atawacheka.

Kilichoharibika kwa upande wangu ni zaidi ya dawa ya kuchua. Kwa miaka miwili nilimpa Bibi tembe ya maji kila mwezi na sikuwahi kumuuliza anatumia nini kingine. Sasa nauliza kila mgonjwa wa presha, na nataja kwa majina: sanamaki, shubiri, ukwaju mwingi, habasoda. Ukitaja jina mtu anakumbuka. Ukisema "dawa nyingine" anafikiria tembe.

Kwa upande wa nyumbani, kosa kubwa halikuwa kuchemsha. Lilikuwa kuendelea baada ya choo kupatikana. Dawa ya kufungua tumbo inaisha kazi yake tumbo likifunguka. Kuharisha siku ya 3 na kuendelea kwa mtu mzima wa umri ule ni ugonjwa mpya, hata kama unaletwa na jani la dukani.

Daftari sasa

Mjukuu alitaka kuchoma zile kurasa alizoandika upya. Maalim akamzuia, nami nikamuunga mkono. Badala yake kuna utaratibu mpya: kila ukurasa husomwa kwa sauti mbele ya Bibi, simu ikirekodi, na anachokisema huandikwa kwa wino wa rangi nyingine pembeni. Nami huongeza ninachokijua.

Ukurasa wa jino, karafuu, ulipita haraka. Mafuta yake yanatia ganzi kweli na bado yanatumika. Kwenye ukurasa wa homa tulikaa. Hiyo ndiyo homa iliyomuua mke wa mmisionari Krapf na mtoto wao mchanga mwaka 1844, mwezi Julai, miezi michache tu baada ya kufika hapa. Kaburi liko ng'ambo, upande wa Nyali. Kwinini ilikuwa imeshatolewa kwenye gome la mti tangu 1820, lakini daftari halina. Pembeni ya ukurasa huo nimeandika mimi: homa ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Ukurasa wa kidonda una mrututu. Mjukuu alikuwa ameuandika "dawa ya kidonda" bila zaidi, na mtu angeweza kudhani ni ya kunywa, maana kurasa mbili za kabla yake ni za kunywa. Mrututu ni chumvi ya shaba, ile ya buluu, sumu ukiimeza. Bibi alinyosha kidole kabla hatujamaliza kusoma mstari.

"Hiyo ya kuoshea. Juu ya ngozi, na maji mengi. Andika."

Mjukuu akaandika. Tulipofika ukurasa wa mtoto asiyelala Bibi aliuliza neno lile lilikuwa ni lipi, Maalim akamsomea mara ya pili. Akavuta leso yake, akatulia kidogo, kisha akasema huo ufungwe uzi, tuendelee na wa kikohozi.